Chai Kabla ya Geji

Siku mliyoniaga pale karakana mlinipa blanketi zito la manyoya, kana kwamba nastaafia baridi ya Limuru. Nikasema "asanteni sana," nikaketi. Baadhi yenu mlinong'onezana kwamba Mama Fundi leo kaishiwa na maneno. Sikuishiwa. Wali ulikuwa unapoa na ninyi mnajua mnavyokula.

Sasa niko kwangu Seme. Kuku ndio wanaoniamsha badala ya simu zenu, na nafasi ya kusema nilichokusudia ninayo. Habari za vyeo na mishahara waulizeni watu wa ofisini, wao wanazikumbuka kuliko mimi. Mimi nitawaeleza habari ya chai, kwa sababu kila kazi niliyowahi kuifanya vizuri ilianzia kwenye kikombe, na aliyenifunza hivyo wengi wenu hamkumkuta.

Niliingia kazini nikiwa msichana mwembamba mwenye cheti kipya cha chuo cha ufundi na bisibisi zangu mwenyewe ndani ya mkoba wa kanisani. Karakana yetu ya friji wakati huo ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vyuma. Mkubwa wa mafundi alikuwa Mzee Rajabu, mwenyeji wa Kaloleni ya Kisumu, mtu wa kofia safi na ovaroli iliyopigwa pasi mpaka mstari ukaonekana. Nilimpa cheti. Alikiweka juu ya friji iliyokufa bila kukisoma, akaniuliza mikono yangu iko vipi.

"Iko sawa, Mzee."

"Hebu tuone." Akanishika mkono, akaubandika kwenye bomba jembamba la friji iliyokuwa ikinguruma. "Unasikia nini?"

"Moto."

"Moto gani? Wa chai, wa maji ya mtoto, ama wa jua kwa bati?"

Nikalishika bomba tena. Akaniambia kazi yangu kwa sasa ni kushika mabomba tu, mpaka nijue moto una majina mangapi. Nilidhani ananidharau kwa kuwa mimi ni mwanamke. Baadaye nikaona kila aliyeingia pale alishikishwa mabomba, hata mpwa wake mwenyewe, na yule mpwa alilia zaidi yangu.

Alikuwa na bisibisi ndefu ya mpini wa mbao. Ncha yake aliiweka kwenye kompresa, ule moyo wa friji, na mpini akauweka sikioni, kisha akafumba macho. Kwa njia hiyo alijua kama mafuta yamekauka ndani, au kama kompresa inajisukuma bure, kabla hujamaliza kufungua boksi la vifaa. Bisibisi hiyo ndiyo ile iliyoning'inia kwenye msumari karibu na mlango. Nimeiacha hapo makusudi, na nikisikia mtu ameitumia kufungulia kopo la rangi nitarudi kutoka Seme kwa miguu.

Lakini kubwa la Mzee Rajabu lilikuwa chai. Tulipoingia nyumba ya mtu hakuruhusu geji ya kupimia gesi itoke kwenye boksi kabla mwenye nyumba hajasema yake yote, na hakuna mtu anayesema yake yote amesimama. Mara ya kwanza tulikwenda kwa mama mmoja muuza nguo, friza yake ilikuwa haigandishi. Nilishapiga magoti na kufungua boksi. "Funga," akaniambia kwa sauti ya chini. "Mama ameweka sufuria jikoni, husikii?"

Tukakaa. Yule mama akamimina, akaanza na habari za arusi ya binti yake: wageni walivyojaa, viti vilivyoazimwa, jinsi walivyoisukuma ile friza hadi ukutani kupata mahali pa akina mama kukaa. Mzee Rajabu akanitazama juu ya kikombe. Tulipomaliza tuliivuta friza kutoka ukutani, tukafuta vumbi mgongoni ipate kupumua, na kazi ikaisha.

"Ukikataa chai, mtu atakuambia ugonjwa wa friji," alinieleza njiani. "Ukikubali, atakuambia maisha yake."

Mwezi wa Ramadhani aliendelea vilevile. Alikaa kwenye kochi na saumu yake, chai ikaletwa, naye akanisukumia vikombe vyote viwili. "Kunywa wewe. Mimi nitasikiliza." Nilitoka nyumba nyingine tumbo likicheza kama mtungi.

Miaka ikaenda, nikaanza kutumwa peke yangu. Mlangoni watu walitazama nyuma yangu wakitafuta fundi. "Fundi ameegesha gari?" wakauliza. Niliwajibu kwamba ameshaegesha na sasa yuko mlangoni anangoja kukaribishwa. Wengi walicheka, na anayecheka hukosi kupata chai kwake.

Kesi moja ya Luanda Kotieno, kwenye ufuo wa ziwa, ilinifunza nusu ya kazi hii. Kikundi cha akina mama wauza samaki kilikuwa na friza kubwa ambayo kila asubuhi iliharibu samaki wa katikati. Kufungua, nikakuta wamepanga ngege, samaki wale wapana, kutoka chini hadi kwenye feni, hapana nafasi hata ya kupitisha kidole.

"Lakini madam," mmoja akanikabili, mikono kiunoni, "si hii friza tulinunua yote? Sasa tutumie nusu kwa nini?"

"Mama, hewa nayo imelipa nauli," nikamwambia. "Iachie kiti."

Walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Lakini waliacha nafasi, na samaki wakapona. Toka hapo niliwaambia wote waliopita mikononi mwangu kwamba baridi si kitu unachotia ndani ya friji. Ni joto lililohamishwa, na joto lolote linalohama linahitaji njia. Njia ikizibwa, hata ubadilishe kompresa, unajichosha.

Halafu zikaja pampu za joto. Nakumbuka jinsi mlivyocheka siku ya kwanza. Kisumu hii, ambapo mtu anaoga maji ya bomba na bado anatoka jasho, nani atanunua mashine ya kupasha maji? Wakanunua wenye hoteli, kisha wakanunua watoto walio mbali kwa ajili ya wazazi wao. Mimi mashine hiyo niliipenda mapema, maana niliitambua: ni friji ileile imegeuzwa. Boksi la nje linavuta hewa yetu hii ya bure, linanyang'anya joto lake, na kulipeleka kwenye tangi la maji. Aliyewahi kushika mgongo wa friji anaijua nusu yake tayari.

Mkiitwa kwamba haipashi, fuateni njia ileile. Tazameni kwanza kama mtu amegusa vitufe, maana wajukuu wanatembelea na wajukuu wana vidole. Tazameni kama maji yanazunguka kati ya boksi na tangi, na kama mabomba hayajaingiwa na hewa. Shikeni bomba la kwenda na la kurudi, mkono wenu uwaambie. Tazameni kama feni inavuta hewa na kama hewa hiyo ina njia. Mkiona barafu kwenye mabati membamba ya nyuma, jiulizeni imetoka wapi kabla ya kuilaumu gesi kwamba imepungua. Gesi iwe ya mwisho. Gesi haina midomo ya kujitetea, ndiyo maana mafundi huisingizia kila siku.

Sasa nifike kwa Mzee Ogola, maana ndiko nilikotaka kufika toka mwanzo.

Mzee Ogola alishona neti za wavuvi wa ufuo wa Dunga maisha yake yote. Kisha kiharusi kikamshika. Akarudiwa na miguu kiasi cha kutembea na fimbo, lakini mkono wa kulia ukakunjika ukakataa kufunguka. Daktari wa mazoezi akashauri maji ya moto kila asubuhi: mkono ukae humo, kisha vidole vinyooshwe kimoja kimoja. Mke wake, Mama Dorka, akawa anachemsha maji kwa jiko na kubeba sufuria kutoka jikoni hadi bafuni. Siku moja aliteleza nayo. Kovu la mguuni mwake nimeliona.

Mtoto wao Victor, anayefanya kazi Nairobi, ndipo akaleta pampu ya joto. Ilifanya kazi vizuri kwa miezi kadhaa, kisha ikaanza kutoa maji ya uvuguvugu, kisha ya baridi. Fundi wa kwanza akaja, akaongeza gesi. Wa pili akaja, naye akaongeza gesi. Huyo wa pili ni mmoja wenu. Sitamtaja, anajijua, na sasa hivi anatazama viatu vyake. Nisimwonee: alikuta barafu nyuma ya boksi na geji ikisoma chini, na yeyote kati yetu aliye na haraka angefikiri vilevile. Baada ya gesi hiyo ya pili mashine ikawa inawaka kidogo na kujizima yenyewe.

Victor akanipigia simu mwenyewe. "Auntie, mimi nimechoka," alisema. "Mathe ameanza kubeba sufuria tena. Ukishindwa wewe, mwisho wa mwezi nakuja na pikapu nawachukua wote wawili. Huku kwangu kuna maji moto."

Sikuweza kumlaumu. Ningekuwa mimi, na mama yangu ana kovu lile, ningefanya hivyohivyo.

Nilipofika, Mama Dorka alichelewa kufungua geti. Nilimsikia akikimbiakimbia ndani kama watu wanavyofanya mgeni akibisha na viti havina vitambaa. Akafungua akihema, akanipeleka nyuma ya nyumba, upande unaotazama ziwa. Boksi lilikuwa wazi, limepanguswa, linang'aa. Barafu ilikuwepo kweli kwenye mabati ya nyuma. Feni ilizunguka bila shida na mbele yake hapakuwa na kitu. Mkono wangu uliniambia maji yanazunguka. Nikaitazama ile barafu na akili ikagoma. Hewa ipo, njia ipo, barafu inatoka wapi?

Kusema kweli nilishaanza kuinama kwenye boksi la vifaa. Geji nilikuwa nimeigusa. Mama Dorka akaniita binti wa Seme kwa Kijaluo, "Nyar Seme, kuja kwanza unywe chai, hiyo mashine haiendi mahali."

Nikafunga boksi.

Mzee Ogola alikuwa kwenye kiti chake sebuleni, mkono umekunjwa mapajani. Alinisalimu kwa mkono wa kushoto, akaomba radhi kwa hilo. "Oyawore, fundi. Huu mwingine umelala tena," alisema. "Nairobi wanataka kunipeleka. Mimi Nairobi nitafanya nini? Nitaangalia ukuta, ukuta naye ananiangalia."

"Kwani ulikuwa umeamka, Baba?"

"Aa! Hii mkono?" Macho yakamng'aa. "Wakati maji ilikuwa moto, ilifunguka mpaka nikashika sindano. Nilishona kitu. Dorka, umemwonyesha?"

Mama Dorka aliweka birika chini, akacheka kwa haya. "Sijamwonyesha, ni chafu. Nilitoa nikisikia geti. Hata mafundi wale wengine walipokuja nilitoa. Mgeni ataona nyumba namna gani, na hiyo kitu imejaa wadudu?"

"Kitu gani, Mama?"

"Ni ile nguo ya mashine."

Nilitua kikombe. Nje ya dirisha, kwenye kamba ya kuanikia, kati ya shuka na taulo, ilikuwa imening'inia neti ya omena, ile ya matundu madogo ya kuvulia dagaa, iliyoshonwa sawasawa na umbo la boksi: pembe nne, mdomo wa kukaza kwa kamba, hata nafasi ya bomba. Ilikuwa nyeusi tii. Mnawajua wale nzi wadogo wa ziwani, wanaopanda kutoka majini kama moshi na kufunika kila ukuta mweupe. Walikuwa wamejaa katika kila tundu la ile neti, tabaka juu ya tabaka, wamekauka wakashikana.

"Majirani walisema hao wadudu wataingia ndani waue mashine," Mzee Ogola alieleza. "Nikasema, hii mashine imenipa mkono yangu, na mimi nitaiacha uchi hivi? Nikachukua neti ya zamani nikaishonea. Ilikuwa kazi ya kwanza hii mkono kufanya tangu niugue. Inakaa juu yake usiku na mchana."

"Isipokuwa fundi akija," nikasema polepole.

"Isipokuwa fundi akija," Mama Dorka akaitikia. "Halafu nairudisha."

Kila kitu kikakaa mahali pake. Mashine ilikuwa inabanwa pumzi hadi inagandisha barafu, mafundi wanakuja wakikuta koti limevuliwa na barafu imebaki, wanatia gesi, wanaondoka, na koti linarudi. Ningepaswa kufurahi. Badala yake niliumia moyoni. Nilitamani kosa liwe la gesi, la waya, la kiwanda, la mtu yeyote asiyekuwepo chumbani mle. Mzee yule alikuwa ameishonea mashine nguo kwa mkono ambao mashine ilimpa, na nguo ile ndiyo iliyoukunja tena ule mkono. Sasa ilinipasa kumwambia. Hapakuwa na chuo kilichonifunza hilo. Nilimkumbuka Mzee Rajabu na jinsi alivyokuwa akingoja mtu apate jibu mwenyewe.

"Baba," nikasema, "neti ya omena ukiivuta majini, ikajaa matope, inakuwa aje?"

"Inakuwa ukuta. Maji haipiti. Unaweza kuvuta mpaka mtumbwi upinduke."

"Hiyo mashine inavuta hewa kwa mgongo, vile wavuvi wanavuta neti."

Aligeukia dirisha. Aliitazama ile neti kwenye kamba kwa muda mrefu. Mama Dorka akajifunika mdomo.

"Kwa hivyo ni mimi," alisema mwishowe. "Ni mimi nilizima maji yangu."

"Ni wewe na hao wadudu, Baba. Na hao wadudu ndio wengi."

Kwanza mabega yalitikisika, nikaogopa kwamba analia. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka machozi yakatoka kweli, Mama Dorka akampangusa kwa kitambaa cha kiti. Nami nikacheka, na machozi yangu nayo yalikuwa karibu.

Baada ya hapo ilikuwa kazi tu. Niliacha barafu iyeyuke, nikaosha mabati kwa maji yasiyo na nguvu ili yasipinde, nikatoa gesi yote iliyoongezwa na ya asili, nikarudisha kwa mizani kiasi kilichoandikwa kwenye kibao cha boksi. Mashine ikawaka haikujizima. Nikashika bomba la kwenda na la kurudi. Moto wa maji ya mtoto. Tulingoja pamoja, nikalishika tena. Moto wa chai.

Neti sikuitupa. Nilimwambia Mzee Ogola kwamba wazo lake halikuwa baya: boksi hilo linatazama ziwa na wadudu ni wengi, linahitaji kizuizi. Lakini kiwe mbali nalo, urefu wa mkono, kwenye fito, kiwe neti ya ngege yenye macho makubwa, kipunguze wadudu bila kuziba hewa, na kipigwe ufagio kila asubuhi.

"Nani atashona?" akauliza, akiutazama mkono wake.

"Mimi ni fundi wa mashine," nikamjibu. "Neti sijui."

Mwisho wa mwezi Mama Dorka akanipigia. Hakutaja mashine. "Victor anakuja kesho na pikapu," alisema. "Kuja chai." Nilikwenda nikiwa na boksi la vifaa, kwa mazoea, nikaliacha garini.

Pikapu ilikuwa uani, turubai limetandazwa nyuma na kamba tayari kwa mizigo ya wazee. Victor alikuwa mtu mzima mwenye uso wa kuchoka, akanishukuru kwa heshima, lakini nikaona hajaamini bado. Maji ya moto ameyasikia mara nyingi kwa simu. Nyuma ya nyumba, kwenye fito, ilisimama neti ya ngege, mafundo yake mengine yamekaza na mengine yamelegea, kama maandishi ya mtu anayejifunza upya. Victor aliipita bila kuiona.

Tukakaa. Mama Dorka akaleta birika, akalishika kumimina. Mzee Ogola akasema, "Weka chini."

Akanyoosha mkono wa kulia. Vidole vikafunguka taratibu, vikazunguka mpini. Birika likainuka likitetemeka. Chai nyingine ilimwagika kwenye sahani, nyingine mezani. Mama Dorka alikuwa amekunja mikono yake miwili kifuani kwa nguvu ili isiende kumsaidia. Kikombe cha Victor kikajaa. Mzee akalituliza birika, akapumua, akalisogeza kwangu, akajaza na changu.

Victor hakunywa. Alikuwa anautazama ule mkono. Kisha akasimama, akatoka nje, na kupitia dirishani tukamwona akikunja turubai.

Mzee Rajabu hayupo tena, Mungu amrehemu. Kila nilichokuwa nacho kazini nilipewa naye na watu walioniachia viti vyao sebuleni, na sijui nitawashukuruje isipokuwa kwa kuwaandikia ninyi. Kazi ya Mzee Ogola ndiyo ilikuwa yangu ya mwisho kabla ya blanketi lenu. Victor aliporudi ndani, chai yake ilikuwa imepoa. Baba yake akamwaga ile, akamjazia nyingine. Nami nikasukuma kikombe changu mbele, ingawa hakikuwa kimeisha, ili aniongeze.